Nyumba ya Posta

Juma hili tulikuwa Busia, kwa jamaa zetu waliohamia huko na ambao sasa wana ndugu ng'ambo zote mbili. Watoto walituuliza: mpaka huu uliwekwa na nani? Tukawasimulia habari za nyumba moja mjini Lamu.

Tarehe 22 Novemba 1888, Wajerumani walifungua posta katika nyumba hiyo kwa ajili ya himaya yao ya Witu. Mwaka 1890 wakapatana na Waingereza, wakaiacha Witu pamoja na madai yao juu ya Uganda. Tarehe 31 Machi 1891 posta ikafungwa. Mwaka 1902 Waingereza wakaukata mkoa wa mashariki wa Uganda, wakautia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka ukasogea kuelekea Busia na Malaba. Nyumba ile leo ni makumbusho.

Ndipo mama mwenyeji alipotufungulia sanduku: barua za marehemu babake kutoka Lamu, nusu zimeliwa na mchwa. Akina mama, msingojee makumbusho. Zisomeni barua hizo pamoja na watoto, mkazihifadhi, wawajue jamaa zao walio ng'ambo. Kuunga udugu ni amana.