Maji ya Bafu Yanatosha Mgomba

Wasee, ndizi nyingi tunazonunua Lodwar na Kakuma zimepanda lori Kitale, zikashuka hadi huku kwa joto. Zikifika nusu zimeiva kupita kiasi, na bado tunalipia safari yote.

Nikisema tupande zetu, naambiwa, "Huku ni jangwa, ndizi ni za Kisii." Sawa, lakini Iceland, kwenye theluji, kuna migomba inayozaa ndani ya nyumba za vioo zinazopashwa joto na maji moto ya ardhini. Adui wao ni baridi. Sisi joto tunalo la bure, hadi linazidi. Kinachotusumbua ni maji.

Hapo ndipo nakatizwa. Mtu amepanga foleni na mtungi, mimi naongea migomba? Hiyo hoja naikubali. Mgomba unakunywa sana, na Lodwar mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu. Kwa hivyo maji ya kunywa usiguse. Mi naongea yale ya kuoga na kufua, yale tunamwaga nyuma ya bafu yanabaki kuzalisha mbu.

Chimba shimo hapo, ulijaze samadi ya mbuzi, majani makavu na maganda ya jikoni, kisha panda chipukizi pembeni. Maji yanazama kwenye hizo taka, dimbwi linaisha. Zungushia miba ya mathenge, la sivyo mbuzi watamaliza kila kitu kabla ya jioni. Maji yenye jiki yamwage kwingine. Na kama kisima chenu kina chumvi, achana na ndizi kabisa, haziivumilii. Si mnakumbuka Lotikipi? 2013 tulitangaziwa maji mengi chini ya ardhi, baadaye vipimo vikaonyesha chumvi imezidi.

Kuna kitu kingine kinaniuma. Mgomba unachukua mwaka au zaidi ndio uzae. Kambi ya Kakuma iko tangu 1992, kuna watu wamezaliwa pale na sasa wana watoto wao, lakini bado wanapangiwa chakula kama wageni wa wiki moja. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba anapita tu, atapanda mgomba wa nini? Mi naona apande. Hata sisi wapangaji wa Lodwar tuna hiyo akili ya kupita.

Mwenye ploti yetu amekubali shimo moja, bora liwe mbali na ukuta. Jumamosi nachimba. Kama una chipukizi la ziada huku Kanamkemer, nitumie meseji, nitakuja na jembe langu.