Gemu zifunguliwe kwa wote

Juni 2020, studio ya Naughty Dog ya Marekani ilitoa gemu ya The Last of Us Part II ikiwa na vipengele zaidi ya 60 vya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu. Asiyeona husomewa maandishi kwa sauti, na milio tofauti humwelekeza pa kupita na adui alipo. Kiziwi husoma mazungumzo pamoja na jina la anayesema. Wapo wasioona walioimaliza gemu hiyo. Nani bado atasema haiwezekani?

Kinachotuudhi ni kwamba gemu nyingi hazimruhusu mchezaji hata kubadilisha kazi za vitufe au kukuza maandishi. Mambo hayo yakipangwa tangu mwanzo si mzigo; ugumu huja yanapobandikwa gemu ikiwa imekwisha. Vifaa navyo vipo: mwaka 2018 Microsoft ilitoa pedi ya kuchezea gemu yenye vitufe viwili vikubwa, inayoungana na swichi za mguu au za mdomo. Lakini iliuzwa karibu dola 100, bila swichi zenyewe.

Watengenezaji wawashirikishe wachezaji wenye ulemavu tangu siku ya kwanza ya kazi, na wawalipe.