Gurudumu la Tatu Halikuokoi

Ukitaka kusikia imani potofu ikijivika nguo za hekima, paki pikipiki yenye kigari cha ubavuni karibu na kijiwe cha bodaboda, nunua maji, kaa kimya. "Hiyo haianguki." "Hiyo hata bibi kizee anapanda." Kisha mmoja wao, mara nyingi yule mzee wa kijiwe, atahitimisha kwa hoja ya jikoni: mafiga ni matatu, ndiyo maana chungu hakipinduki. Wote wataitikia na mjadala utafungwa hapo.

Mafiga hayakati kona, wala chungu hakiendi kilomita 60 kwa saa. Halafu mpishi huyapanga mafiga yake kwa nafasi sawa ili chungu kikae katikati. Pikipiki yenye kigari haikupangwa hivyo. Magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja, la tatu limetupwa pembeni peke yake, na karibu uzito wote, yaani injini, tangi, betri na dereva mwenyewe, umeukalia ule mstari wa magurudumu mawili. Nasema haya nikiwa mpenzi wa chombo hiki. Ninacho, na sina mpango wa kukiuza. Ugomvi wangu ni na watu wanaokisifia sifa ambayo hakina, kisha wanampandisha mke na watoto kwa kuitegemea sifa hiyo.

Tuanze na kona ya kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, kwa hiyo kigari hufungwa kushoto, ili abiria ashukie kwenye majani na si katikati ya magari. Na kona ya kushoto ndiyo kona yetu kali: ukitoka barabara kubwa kuingia mtaani, kulia unazunguka kwa nafasi, kushoto unajikunja. Chombo chochote kikikata kona, uzito hutupwa upande wa nje. Ukikata kushoto uzito unakwenda kulia, na kulia hakuna gurudumu la kuupokea. Kinachokuzuia usipinduke ni uzito wa kigari peke yake. Akikaa mtu wa kilo zake ndani, una afadhali. Kikiwa kitupu, utaona tairi lake likiachana na lami taratibu, mwanzo upana wa kidole, na kama hukupunguza mwendo kabla ya kuingia konani, kigari kizima kitapanda mpaka usawa wa goti lako. Hapo mwili wote unakwambia unyooshe usukani. Nyoosha, nacho kitarudi chini kweli. Ila sasa hukati kona tena, unakwenda moja kwa moja kwenye upande wa wanaokuja. Ndiyo maana wenye kukijua chombo hiki humwekea anayejifunza mfuko wa mchanga ndani ya kigari kabla hawajampa ufunguo. Kama hakianguki, mchanga wa nini?

Kona ya kulia ina adabu zaidi, kwa kuwa kigari kiko nje na kinaupokea uzito. Lakini ingia kwa kasi, kisha ushike breki ukiwa katikati ya kona: tairi la nyuma la pikipiki linaweza kuinuka na chombo chote kikapiga magoti juu ya pua ya kigari. Abiria ndiye atakayefika chini wa kwanza.

Hayo bado ni mepesi. Sehemu ya imani hii inayonitisha kuliko zote ni ile inayosema kwamba mtu aliyeendesha bodaboda miaka mingi hana cha kujifunza hapa. Kinyume chake ndicho kweli. Huyo ndiye wa kuogopwa.

Pikipiki ya magurudumu mawili, ikishachanganya mwendo kidogo, hukata kona kwa kulala. Na ili ilale kushoto, mkono wa kushoto husukuma usukani mbele kidogo, tairi la mbele linatazama kulia kwa kufumba na kufumbua, pikipiki inalala kushoto, kona inaanza. Madereva wengi wa bodaboda hawajui kwamba wanafanya hivyo. Mwili unajua, na unafanya hata dereva akiwa anabishana na abiria juu ya nauli. Sasa mpe mtu huyo pikipiki yenye kigari. Haiwezi kulala, kigari kimeizuia. Usukani wake ni kama wa gari: unakwenda unakoelekeza tairi, basi. Siku ya shwari atazoea baada ya muda, atalalamika tu kwamba mabega yanauma. Siku lori linapohama upande wake na kumjia usoni, hatafikiri. Atafanya alichofanya miaka yote akitaka kukwepa kushoto: atausukuma mkono wa kushoto mbele. Tairi litageuka kulia, na chombo kitamtii kwa uaminifu kabisa, kitampeleka kwenye lori.

Asiyewahi kupanda pikipiki maishani ana nafuu, hana mazoea ya kuyasahau.

Ongeza breki na mafuta. Ukivuta mafuta, injini inasukuma pikipiki na kigari kinabaki nyuma, kwa hiyo chombo kinavutika kushoto. Ukishika breki, na kigari hakina breki yake, pikipiki inasimama na kigari kinataka kuendelea na safari. Chombo kinazunguka kuelekea kulia. Kulia kwetu ni kwenye magari yanayokuja. Dereva wa kigari anaurekebisha usukani kila anapoongeza mwendo na kila anapopunguza, hata barabara ikiwa imenyooka. Barabara zetu nyingi zina mgongo katikati, lami inamwaga maji kando, na mteremko huo nao unakivuta chombo kushoto. Huyo bibi kizee wa kijiweni awe na mikono yenye nguvu.

Wanaoshindana na vyombo hivi hawajawahi kuamini hadithi ya mafiga. Ubingwa wa dunia wa pikipiki zenye vigari ulianza mwaka 1949, na bingwa wa kwanza alikuwa Mwingereza Eric Oliver, akiwa na abiria wake Denis Jenkinson, yule yule ambaye mwaka 1955 alimsomea ramani Stirling Moss waliposhinda Mille Miglia kwa gari. Abiria katika mashindano haya si mzigo. Kona ya upande wa kigari anajitupa nje, kiwiliwili karibu na lami, ili uzito wake uzuie gurudumu lisiinuke. Kona ya pili anahamia juu ya tairi la nyuma la pikipiki. Timu inamleta mtu mzima, imemfundisha, na kazi yake ni kuwa mfuko wa mchanga wenye akili. Gurudumu la tatu lingekuwa linatosha, wangembakiza nyumbani na kuokoa kilo zake.

Atatokea wa kusema: mbona Wazungu walipakia familia nzima humo kwa miaka na miaka? Walipakia, kwa sababu gari lilikuwa ghali. William Lyons na mwenzake William Walmsley walianza mwaka 1922 mjini Blackpool kwa kutengeneza vigari vya pikipiki, na kampuni yao ndiyo ikaja kuwa Jaguar. Biashara ilikuwa kubwa kiasi hicho. Kisha mwaka 1959 ikaingia sokoni Mini, gari dogo lenye paa na milango, na mwenye familia wa Kiingereza akaanza kuhama. Hakuna aliyemfuata kumkumbusha kwamba anaacha usalama nyuma.

Serikali nazo zimo katika imani hii. Uingereza, mwaka 1961, iliamua kwamba anayejifunza asipande pikipiki inayozidi cc 250. Ila akiifunga kigari, apande ya ukubwa wowote. Vijana wakaielewa sheria kuliko walioitunga: wakafunga fremu tupu ya kigari, pengine na ubao juu yake, wakapanda mashine kubwa ambazo hawakuruhusiwa kuzigusa. Yaani mwanafunzi alipewa injini kubwa zaidi, pamoja na kigari chepesi kuliko vyote, kile kinachoinuka kwa kona ndogo tu, na karatasi ikaandika kwamba yuko salama.

Tusicheke sana. Tanzania leseni ya daraja A inamruhusu mtu kuendesha pikipiki inayozidi cc 125, yenye kigari au isiyo nacho. Vyombo vya matairi matatu au manne vimetengewa daraja lake, A2, maana mtunga sheria alijua kwamba bajaji na pikipiki ni vitu viwili. Alipofika kwenye kigari akaona ni pikipiki ile ile na kikapu. Aliyefaulu mtihani kwenye magurudumu mawili anaweza kesho yake kufunga kigari, kumpakia mama mkwe na kuingia barabara ya Morogoro bila mtu kumuuliza chochote.

Na bajaji yenyewe, ambayo kijiwe huitaja kama ushahidi? Nani hajawahi kuona bajaji imelala ubavu kwenye mzunguko, abiria wakitolewa kwa juu? Na hiyo imepangwa vizuri, matairi mawili nyuma na moja mbele, uzito katikati. Marekani, mwaka 1988, watengenezaji wa pikipiki za porini walikubaliana na serikali kuacha kuuza zile za matairi matatu baada ya watu wengi kuumia na kufa, wakiwemo watoto. Za matairi manne ziliendelea. Ufilipino, pikipiki yenye kigari ndiyo usafiri wa kila mtaa, nayo inakwenda polepole kwenye vichochoro, na serikali imeikataza barabara kuu za taifa isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine. Nchi inayokijua chombo hiki kuliko sisi sote haikuamua kwamba hakianguki. Iliamua kisikimbie.

Madhara ya imani hii kwetu hayatokani na wachache wenye pikipiki za Kirusi zilizotoka kiwandani na vigari vyake. Yanatoka kwa fundi wa kuchomelea. Mteja analeta bodaboda yake na bomba kadhaa, anataka kigari cha kubebea kreti za soda au magunia. Kwa kuwa wote wawili wanaamini kazi ya gurudumu la tatu ni kushikilia tu, fundi anachomelea palipo wazi, anaweka tairi popote linapokaa, anapaka rangi. Hakuna aliyeshika futi. Kumbe tairi la kigari linatakiwa litangulie kidogo mbele ya ekseli ya nyuma ya pikipiki, la sivyo linainuka mapema zaidi. Linatakiwa litazame ndani kidogo, tofauti ya karibu sentimita mbili ukipima kwa mbao mbili zilizonyooka, moja kila upande. Bila hiyo chombo kinavuta upande mmoja na tairi linaliwa kabla hujamaliza deni. Pikipiki yenyewe inatakiwa iinamie nje kidogo kukabili ule mgongo wa barabara. Kigari kinafungwa kwa kawaida sehemu nne, kwa bolti zinazoweza kurekebishwa, kwenye fremu iliyoongezwa nguvu, kwa sababu fremu ya pikipiki ya kawaida ilitengenezwa kwa chombo kinacholala, haikutegemea kusukumwa ubavuni kila kona. Hata shokapu za mbele si zile zile. BMW, kwenye uma wao wa miaka ya 1955 hadi 1969, waliweka nafasi mbili za kufungia ekseli ya mkono wa uma, moja ya pikipiki peke yake na moja ya pikipiki yenye kigari, ili usukani usiwe mzito. Waliona tofauti ndogo hiyo inastahili kuchongewa tundu lake.

Chombo hiki kina kazi yake, tena kazi kubwa. Wilaya ya Mangochi, Malawi, pikipiki tatu za kubebea wagonjwa ziliwekwa kwenye vituo vya afya vya vijijini kwa ajili ya wajawazito waliopata matatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ucheleweshaji wa kumfikisha mgonjwa hospitali ulipungua kwa kati ya saa 2 na saa 4 na nusu, na bei ya kununua pikipiki moja ya aina hiyo ilikuwa ndogo mara 19 kuliko ya gari la wagonjwa. Sifa zilizotajwa hapo ni njia, muda na fedha. Hizo ni sifa za kweli, nami nazikubali zote. Kwenye tope jepesi, kwenye foleni, kwenye safari ndefu yenye mizigo, kigari hakina mpinzani, na ukisimama huna haja ya kuteremsha mguu.

Yangu ni ya Kirusi, na kigari chake kiko kulia, kilivyotoka kiwandani kwa ajili ya nchi zinazopita kulia. Kwa hiyo karibu mambo yote niliyoeleza yanageuka upande: kinachoinuka kwangu ni kona ya kulia, na anayeona kwanza kama nyuma ya lori kuna basi linakuja ni abiria. Amekuwa konda bila mshahara. Wengi wanaoomba lifti huifurahia kazi hiyo mpaka mara ya kwanza tunapojaribu kupita lori.

Ninachotaka kwa wenye mamlaka ni kidogo. Kigari kiwe na mtihani wake. Mtahini asimuulize mtu alama za barabarani tena, alishazijibu. Amwondolee mchanga na abiria, amwambie akate kona ya upande wa kigari kikiwa kitupu, kisha ashike breki kwa nguvu kwenye mstari ulionyooka bila kuvuka upande wa pili. Akivuka, anyimwe, hata kama ni dereva wa bodaboda wa miaka ishirini. Hasa huyo.