Mashua Kuukuu na Maji ya Mvua

Katika fukwe za Mikindani na Msangamkuu, na kuendelea kusini hata Msimbati na kwenye mikoko ya mlango wa Ruvuma, biashara ya vyombo kuukuu haikomi, na aghalabu chombo kinachouzwa huwa kimepakwa rangi mpya, kimetandikwa plaiwudi mpya juu ya sitaha, na mwenyewe hukisifu kwa maneno matamu hata mnunuzi akaona haya kuinama na kuchungulia ngamani. Rai yangu ni kwamba ile plaiwudi mpya yafaa kuogopwa kuliko tundu lililo wazi, kwani hufunika uozo.

Wengi hudhani mbao za mashua huozeshwa na bahari. La hasha. Maji ya chumvi yana madhara yake, na dudu litobolealo mbao halikihurumii chombo kisichopashwa moto wa makuti na kupakwa deheni kwa wakati wake. Walakini ule uozo unaoifanya mbao imeguke vipande vipande vya mraba, vikavu na vyepesi, ni kazi ya kuvu, na kuvu hupenda maji matamu, yaani mvua zetu za Disemba hata Aprili, zinazopenya katika viungo vya sitaha, zikateremka nyuma ya mataruma, zikatuama mahali pasipofika upepo. Waunda merikebu wa Marekani katika karne ya 19 walilijua jambo hili, wakawa wakishindilia chumvi baina ya mataruma ili mbao zisioze; dawa ambayo sisi hatuna haja ya kuiagiza mbali, ingawa hula misumari ya chuma.

Tena mashua si ya shehena tu. Mabaharia hulala humo, hupika juu ya sanduku la mchanga, huweka pipa la maji ya kunywa, na safari nyingine hupakia mbuzi, wote wakiitegemea sakafu yake. Mnamo Machi 1866 Dr. Livingstone alipokosa mlangoni mwa Ruvuma mahali pa kuwateremshia ngamia kwa sababu ya mikoko, akaja kushuka Mikindani, wanyama wake, ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, walikuwa wamesafirishwa kutoka Unguja kwa jahazi. Nami kila nisomapo habari hiyo huiwazia sakafu ya lile jahazi kuliko safari yenyewe. Huko Marekani leo wafugaji wa farasi hununua matrela yaliyokwisha tumika, yenye banda la mnyama nyuma na chumba cha kulala mbele, na maradhi ni yale yale: maji huingilia pembe ya paa au dirisha, lawama ikaangukia sakafu.

Fundi mwenye ghera, kabla hajashika tezo, hushika ndoo. Humwaga maji juu ya sitaha, akaingia chini na tochi, akapiga alama ya chaki kila penye tone. Kisha huchukua nyundo na bisibisi, kwani mbao nzima ikigongwa hulia, na iliyooza hunyamaza, na pale bisibisi inapozama pasipo kusukumwa hapana haja ya kuuliza zaidi. Uozo hukatwa mpaka ipatikane mbao ngumu, na juu ya hiyo shubiri moja tena, kwa kuwa kuvu huyatangulia macho ya mtu. Vijitundu vya chini ya mataruma vipitishavyo maji hata banduru huzibuliwa vumbi la korosho na magamba ya samaki. Chombo huachwa wazi kipigwe na upepo. Ndipo uje ubao wa mvule au mbambakofi, misumari iliyozungushiwa nyuzi za pamba zilizochovywa mafuta, kalafati, na mafuta ya sifa. Anayemimina saruji ngamani kuficha unyevu huufungia ndani, akaulisha uozo.

Mafundi hawafuniki uozo kwa ujinga. Wenye vyombo huwalipa kwa mapatano ya jumla kabla hata ubao mmoja haujabanduliwa, na fundi akikuta uozo umepita mataruma matatu zaidi ya yale yaliyopatanwa, kusema kweli ni kujitia hasara yeye mwenyewe. Insafu ni kuyagawa malipo: siku za kubandua na kupima zilipwe ujira wa kutwa, halafu bei ya mbao ipatanwe wote wawili wakiitazama kazi kwa macho. Na ifanywe kati ya Juni na Septemba, kusi ikivuma na mvua zimekwisha, wakati ambapo vyombo vidogo vingi havina haja ya kutoka.

Mnunuzi naye, kabla ya kuhesabu fedha, aombe kipande kimoja tu cha plaiwudi kinyanyuliwe, kile cha chini ya jiko. Muuzaji akikataa, bei ipunguzwe thamani ya sitaha nzima.