Ukiuza foku kwa kuandika "saizi 26" tu, unauza mbuzi kwenye gunia

Wadau wa spea na baiskeli za mtumba, leo naongea na nyinyi. Pitia kurasa zetu uone: "Foku kali, saizi 26, mtumba wa Japani, bei inboksi." Picha mbili, moja sakafuni, moja imeshikwa mkononi. Basi. Mteja wa Tabora anatuma hela, foku inapanda basi, fundi wa huko anaifunga. Siku ya tatu unapokea ujumbe wa sauti: "Kaka, mbona usukani umekuwa mzito hivi? Nikipanda kilima baiskeli inayumba." Unamjibu foku ni nzima. Na kweli ni nzima. Shida ni kwamba hiyo 26 inamwambia gurudumu litaingia, haimwambii baiskeli itaendeshekaje.

Msimamo wangu ni huu: anayeuza foku au fremu mtandaoni bila vipimo hana uso wa kukataa mzigo ukirudishwa. Mteja wa dukani anapanda, anazunguka mtaa, anarudi anasema hii siitaki. Wa mtandaoni hana nafasi hiyo. Vipimo ndiyo kuzunguka mtaa kwake.

Na hata hiyo 26 yenyewe ina utata. Tairi ya 26 ya baiskeli ya mlima inakaa kwenye rimu ya milimita 559. Tairi ya 26 nyembamba ya zile baiskeli za kike za zamani, iliyoandikwa 26 x 1 3/8, inakaa kwenye rimu ya 590. Haziingiliani kabisa. Namba hiyo imechapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 50-559. Isome, iandike, umemaliza.

Sasa tuje kwenye kiini, maana hapa ndipo hela inapopotelea, hasa kwa wale mnaounga baiskeli za oda: mteja anachagua fremu hii, foku ile, rangi anayoipenda.

Angalia tairi ndogo za mbele za toroli la supamaketi. Ukilisukuma zinajigeuza zenyewe zikae nyuma ya kishikizo chake. Baiskeli inatumia ujanja huohuo. Piga mstari wa kufikirika kupitia katikati ya bomba la usukani mpaka chini. Utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi inapokanyaga. Umbali kati ya alama hizo mbili mimi nauita mburuzo. Ukiwa mkubwa, baiskeli inashika njia yake vizuri ukiwa kasi, ila ukienda polepole usukani unakuwa mzito na gurudumu linataka kuangukia upande. Ukiwa mdogo, usukani unakuwa mwepesi na unakata kona upesi, lakini ukiwa mdogo kupita kiasi baiskeli inakuwa na kiherehere.

Mburuzo unatokana na vitu vitatu tu: ukubwa wa gurudumu, ulalo wa bomba la usukani, na jinsi ekseli ilivyochomoza mbele ya ule mstari. Hicho cha tatu tukiite mchomozo. Watu wengi, mafundi wakiwemo, wanadhani foku iliyopinda sana mbele inaongeza mburuzo. Ni kinyume chake. Mchomozo ukiongezeka, mburuzo unapungua na usukani unakuwa mwepesi.

Sasa chukua kisa kinachotokea kila wiki. Fremu ya zamani ya baiskeli ya mlima, iliyotengenezwa kwa foku ngumu isiyo na shokapu. Foku yake, kutoka katikati ya ekseli mpaka pale inapokutana na fremu, ni kama milimita 395. Mteja anaona posti ya foku ya shokapu, anaipenda, anainunua kwa sababu ya muonekano. Yenye mchezo wa milimita 100 ina urefu wa karibu 465. Mwenye baiskeli akikaa inazama kama 20, bado mbele imenyanyuka milimita 50. Kila milimita 20 hivi zinalaza bomba la usukani kwa nyuzi moja. Kwa hiyo bomba lililokuwa nyuzi 71 linakuwa 68 na kidogo. Ukipiga hesabu kwa mchomozo wa milimita 40, mburuzo unatoka milimita 71 kwenda karibu 90. Pedali zinapanda sentimita 2 hivi, kiti kinapanda nazo na kulalia nyuma, na mtu mfupi akisimama kwenye foleni hafiki chini vizuri. Ule usukani mzito wa yule wa Tabora ndiyo huo. Tena fremu hiyo haikuundwa kubeba nguvu ya foku ndefu hivyo. Inaposukumwa na mashimo, mzigo wote unaishia kwenye maungio ya bomba la usukani, na yakiachia yanaachia mtu akiwa juu.

Geuza upande wa pili. Fremu ya shokapu, shokapu imekufa, fundi anaweka foku fupi ngumu kwa kuwa ni rahisi. Mbele inashuka, bomba linasimama, mburuzo unaporomoka mpaka kwenye milimita 50 na kitu. Kijana anasifia kwamba baiskeli ni nyepesi. Siku akishuka mteremko kwa kasi atajua wepesi huo una bei gani, na kwenye kona pedali zitamgusa lami.

Kuna Mwingereza mmoja, David Jones, mkemia, aliyeamua kutengeneza baiskeli isiyoendesheka ili ajue nini hasa kinaishikilia isianguke. Aliandika matokeo kwenye jarida la Physics Today mwaka 1970. Alipoisogeza ekseli ya mbele inchi 4 mbele zaidi, mburuzo ukawa hasi, na baiskeli ikawa taabu tupu. Akiiachia iende yenyewe inaanguka hapohapo. Mwaka 2011 watafiti wa Delft na Cornell wakaonyesha kwenye jarida la Science kwamba mburuzo peke yake siyo jibu lote: walitengeneza baiskeli yenye mburuzo hasi kidogo na bado ikajisimamia, kwa sababu ya jinsi uzito wake ulivyopangwa. Ndiyo maana nasema usimuuzie mtu foku kabla hujamuuliza atabeba nini na atakibeba wapi.

Hili la mzigo tunalichukulia kimzaha mno. Nusu ya wateja wetu wanatafuta riziki na baiskeli hizo. Muuza mikate mwenye kreti mbele ya usukani anahitaji mburuzo mdogo, ili uzito ule usimvute kila akigeuza. Waliokuwa wakisambaza magazeti Paris zamani walibeba mzigo mbele, na baiskeli zao zilitengenezwa hivyo, mburuzo wa milimita 30 mpaka 40. Ukimfungia huyo wa mikate foku ndefu ya shokapu, umempa mzigo juu ya mzigo. Wa madumu ya maji na mkaa anabeba nyuma. Huyo anataka fremu ndefu na iliyotulia, na ndiyo maana zile Phoenix na Hero nyeusi, pamoja na kudharauliwa kwake, hazijaondoka barabarani.

Mtasema wateja hawajali vipimo, wanaangalia bei na rangi. Wanaangalia hivyo kwa sababu hatujawaandikia kingine. Na kupima hakuchukui dakika kumi. Urefu wa foku unapimwa na futi ya fundi cherehani, ilimradi uivute iwe sambamba na bomba, usifuate mkunjo wa mguu. Mchomozo: laza foku mezani, miguu ikiwa imepinda kuelekea juu, egemeza bomba lake mpaka liwe sambamba na meza, pima kimo cha katikati ya bomba na kimo cha katikati ya ekseli, toa. Kipenyo cha bomba ni 25.4 au 28.6 kwa nyingi tunazouza. Sema kama lina nyuzi za kufungia au halina, na limebaki na urefu gani, maana la mtumba mara nyingi limeshakatwa. Ulalo wa fremu unapimwa kwa programu ya simu ya kupimia usawa, baiskeli ikiwa kwenye sakafu iliyonyooka. Fremu tupu huwezi kuipima hivyo, kwa hiyo sema ilikuja na foku ya urefu gani. Hata kwenye vitabu vya kampuni, ulalo ulioandikwa unahesabiwa na foku fulani.

Kingine, kagua ajali. Foku iliyogonga ukuta inarudi nyuma kidogo, mchomozo unapungua, na mteja akikata kona vidole vya mguu vinagusa tairi. Pitisha kidole chini ya fremu, nyuma kidogo ya bomba la usukani. Ukihisi rangi imejikunja kama ngozi ya kiwiko, hiyo fremu usiiuze hata kwa bei ya kutupa. Mpelekee wa vyuma chakavu.

Posti yenyewe inaweza kuwa fupi hivi, na mimi ningeinunua bila kuuliza swali inboksi: "Foku ngumu ya chuma, rimu 559, breki za V. Urefu 395, mchomozo 40, bomba 28.6 halina nyuzi, limebaki sentimita 18. Haijagonga. Inafaa fremu za zamani zilizotoka bila shokapu. Kama yako ilikuja na shokapu, usiichukue hii, niandikie nikutafutie ndefu." Weka picha moja yenye futi pembeni, namba zisomeke.