Ubunge wa dola mia, nani anauweza?

Jamani, ubunge wa dola 100 kwa mwaka wewe ungeutaka? Wenzetu wa jimbo la New Hampshire, kule Marekani, wanaugombea mpaka leo. Katiba ya jimbo lao ilisema mwaka 1889 kwamba mbunge wa kawaida alipwe dola 200 kwa kipindi cha miaka miwili, na hazijaongezwa hata senti. Labda pesa ya mafuta ya gari. Na viti ni tele, baraza la wawakilishi peke yake lina 400!

Sasa nani anauweza? Mstaafu. Mwalimu, polisi, karani wa serikali aliyekula chumvi nyingi ofisini, pensheni inaingia kila mwezi. Mimi simcheki, maana mzee wa namna hiyo huwezi kumbabaisha kwa makaratasi.

Ila dada wa dukani mwenye mtoto mchanga na kodi ya nyumba, ataacha mshahara wake aende Concord kukaa kikaoni mchana kutwa? Thubutu! Mambo ya shule ya mwanawe ataamuliwa na babu.

Na pensheni ya babu nayo, msomaji wangu, sheria yake inatungwa humo humo. Hapo vipi?