Macho Hayana Pazia

Upo msemo ambao wacheza karata wa Ujiji na Kigoma wameufanya kuwa hirizi. Mtu akishikwa ametumia karata aliyoiona mkononi mwa mpinzani wake, hajiulizi kama ametenda haki au dhuluma. Hujibu, "Macho hayana pazia," baraza nzima hucheka, na mchezo huendelea. Msemo huo ni wa kweli, na ukweli wake ndio hatari yake. Uongo mtupu usingepata wafuasi wengi kiasi hicho chini ya miembe ya Ujiji, wala katika baraza za Mwanga na Gungu.

Jicho kwa asili yake halina kosa. Karata zimegawanywa, watu wanne wameketi jamvini, magoti yamekaribiana, na taa imetundikwa juu yao. Mmoja akigeuka kupokea kikombe cha kahawa, mkono wake huinama, na turufu yake humtazama jirani usoni. Aliyeona hapo hakuiba kitu. Hakuna sheria ya dini wala ya dunia imtakayo mchezaji afumbe macho. Kama hoja ingekoma hapo isingekuwa na wa kuipinga. Walakini haikomi. Katika mzunguko wa pili mkono ule ule huinama tena, na jicho lile lile, ambalo sasa linajua pa kutazama, huenda lenyewe. Katika mzunguko wa tatu jicho haliendi tena, bali linangoja. Kuona kwa kwanza kulikuwa ajali; kungoja ni kazi. Watetezi wa msemo husimulia ajali ili kuilinda kazi, na hila hiyo ndiyo inayostahili kukanushwa.

Yafaa kwanza ijulikane karata ni mchezo wa namna gani. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kila aliyepo, hata mtoto aliyepita kununua mafuta ya taa, anaziona. Mshindi wa bao ni yule aliyeona mbali zaidi katika mambo ambayo yamewekwa wazi kwa wote. Humo hakuna wizi wa jicho, kwa kuwa hakuna kilichositiriwa. Karata ni kinyume. Jina lake, na majina ya kopa, uru, pau na shupaza, na hata turufu yenyewe, ni mabaki ya Wareno, waliopokonywa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Ngome ilipotea, maneno ya mchezo wao yakabaki, na leo yasemwa ufukoni mwa Tanganyika na watu wasiokuwa na haja ya kujua yalikotoka. Mchezo huu umejengwa juu ya sitara. Sitara hiyo si mali ya aliyeshika karata peke yake. Ni mali ya wote wanne, maana wote waliketi kwa mapatano kwamba kila mmoja atapambana na asichokijua. Anayecheza huku anajua hachezi mchezo ule ule na wenzake. Wao wanacheza karata, yeye anacheza bao.

Husemwa kwamba mchezo ni vita, na katika vita anayeona ya adui husifiwa. Wasemao hivyo mahali hapa wana mfano wa karibu. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kwa reli na kwa kukokotwa nchi kavu kupitia Kongo hadi Lukuga, ng'ambo ya ziwa, na Wajerumani wa Kigoma hawakuwa na habari. Kingani ikatekwa tarehe 26 Desemba 1915. Hedwig von Wissmann, iliyofika baadaye kuchungulia, ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Wajerumani waliposhindwa kuziona karata za adui walipoteza ziwa. Mfano ni mzuri, ila unawasaliti walioutoa. Wanamaji wale hawakuwa wameketi pamoja kwa hiari, hawakukubaliana ni lipi lifichwe na lipi lifunuliwe, na hakuna aliyemkaribisha mwenzake kahawa. Isitoshe, hata vita vina bendera nyeupe, na anayepiga risasi nyuma yake huitwa mhaini, si hodari. Baraza isiwe na heshima pungufu kuliko mzinga.

Wengine, wenye kusoma zaidi, hukimbilia sheria za mabingwa. Kweli, sheria za briji humruhusu mchezaji kuitumia karata ya mpinzani aliyoiona pasipo kukusudia. Hilo lakubaliwa bila kigugumizi. Lakini kifungu kile kile chalaani kuukodolea macho mkono wa mwingine kwa nia ya kuona karata zake. Na kama karata imeonekana kabla ya mnada kuanza, mwamuzi hupaswa kuarifiwa mara moja, na ni bora aarifiwe na yule yule aliyeona. Ruhusa hiyo basi ni ya jicho la kwanza, si ya jicho lingojalo. Katika poka husemwa kwamba kila mtu ailinde karata yake. Naam, ailinde, lakini uzembe wa mwenye nyumba haujapata kuwa hati ya kumiliki kwa mpita njia.

Wala haitoshi kwamba mtu anajiona safi moyoni. Mwaka 2012 Phil Ivey, Mmarekani bingwa wa poka, alishinda kiasi cha pauni milioni 7.7 katika nyumba ya Crockfords, London. Migongo ya karata zile ilikuwa na kasoro ndogo ukingoni, na mwenzake alimwomba mgawaji ageuze karata fulani kwa kisingizio cha bahati. Baada ya hapo Ivey aliweza kuzitambua karata kubwa kabla hazijafunuliwa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza iliamua kwamba alidanganya, ingawa ilikubaliwa kwamba yeye mwenyewe aliamini kwa dhati kuwa hakudanganya. Aliyeinamiwa na mkono wa jirani hakugeuza karata ya mtu, na tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo hukumu ile inaondoa udhuru mmoja upendwao sana barazani: "Mimi sioni kosa."

Sasa afikiriwe mzee. Macho yake yamefifia, naye huinyoosha karata mbali na uso, kuielekea taa, apate kutambua uru na kopa. Hawezi kuisoma bila kuionyesha. Kijana aliyeketi kando yake huona mkono mzima, usiku baada ya usiku, na mzee huondoka akidhani akili yake imechakaa. Hakuibiwa fedha tu, ikiwa fedha ilikuwapo; ameibiwa imani ya kuwa bado yumo miongoni mwa watu. Yuko atakayesema kwamba kumwambia ni kumwaibisha. Huruma hiyo ni ya ajabu, maana faida yake yote humwendea anayehurumia.

Na fedha mara nyingi huwapo. Usiku wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi hukaa ufukoni Kibirizi, na mvuvi aliyepata fungu lake wakati wa giza ana siku kadhaa za kungoja. Dini imekwisha kusema neno lake juu ya kamari, na hapa halipunguzwi. Lakini wako wanaosema kwamba mchezo ukiwa haramu, ndani yake hapana haki ya kuvunjwa. Kwa hoja hiyo mlevi aweza kuporwa njiani bila kosa.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito. Turufu aghalabu huchezwa wawili kwa wawili, na anayemzindua mpinzani humpunguzia mwenzi wake ushindi. Ni kweli. Walakini mwenzi alikubali kushirikiana naye katika karata walizogawiwa wao wawili. Hakumtuma mkononi mwa mtu mwingine. Anayekasirika kwa kukosa alichokuwa hana haki nacho amekwisha kujieleza. Linalobaki ni namna ya kusema, na hapo wengi wenye nia njema huharibu. Akisema, "Mzee wangu, ree yako ya kopa yaonekana," amewatangazia wote watatu siri iliyokuwa kwa mmoja, na mwenzi wake amenufaika kuliko kama angenyamaza. Karata isitajwe. Isemwe mapema, kabla ya karata nyingine kutupwa, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aombaye kusogezewa taa: "Mzee, inua mkono kidogo."